Sauti ya Upande wa Kushoto

Kuna wanawake wanaochukuliwa waume, na watu huwaonea huruma, wakawapelekea kahawa na keki. Raili Tossavainen hakuchukuliwa mume. Alichukuliwa sauti, na kwa jambo hilo hakuna aliyempelekea hata kipande cha mkate. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Alizaliwa nje kidogo ya mji wa Kuopio, katika nyumba yenye ng'ombe wachache na watoto wengi, na shule aliiacha mapema kwa sababu mikate ililipa na vitabu havikulipa. Tangu hapo aliamka kabla ya watu ili akande unga wa kalakukko, ile mikate myeusi inayofungiwa samaki wadogo na mafuta ya nguruwe ndani. Watu walipoanza kunywa kahawa ya asubuhi, yeye alikuwa ameshachoka. Jioni alipiga metali, muziki wa magitaa yanayonguruma. Kuopio hilo halimshangazi mtu. Mwalimu anapiga metali, fundi bomba anapiga metali, na shemasi wa kanisa ana fulana nyeusi chini ya joho.

Bendi yao iliitwa Routamulta, yaani udongo ulioganda. Mumewe, Ilpo, alipiga ngoma. Kyösti, mdogo wake Ilpo, alipiga besi na kuimba, kama kunguruma kule kunaweza kuitwa kuimba. Walifanyia mazoezi chini ya jengo la ghorofa, katika handaki lililojengwa ili watu wajifiche vita vikija. Vita havikuja, kwa hiyo handaki likapewa wapiga ngoma. Mlango wake ni wa chuma, mnene kama godoro, na ukishafungwa hata mama mkwe hakusikii.

Raili alisimama upande wa kushoto, na gitaa lake lilikuwa la Kijapani, la mwishoni mwa miaka ya sabini, zito kama mtoto aliyelala. Alilinunua kwa mzee mmoja aliyelipigia muziki wa tango maisha yake yote katika kumbi za dansi kando ya maziwa. Chini ya nyuzi za kila gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na hizo ndizo masikio yake. Ukibadilisha mbao ya gitaa watu watabishana kama kuna tofauti. Ukibadilisha sumaku, hata kiziwi atajua. Wapiga metali wengi wakipata gitaa la zamani, jambo la kwanza hung'oa sumaku zake dhaifu na kuweka mpya zenye nguvu, zinazoisukuma amplifaya mpaka ingurume yenyewe. Raili hakung'oa. Mwanzoni ni kwa sababu hakuwa na uwezo, baadaye ni kwa sababu alizoea. Zile sumaku za mzee wa tango zilikuwa nyembamba na hazikuwa na nguvu, lakini ukiiminya amplifaya sawasawa zilitoa sauti kavu yenye mchanga ndani, kama mtu anayeburuta mnyororo juu ya barafu, na kila uzi ulisikika peke yake.

Mtu angemuuliza Ilpo kuhusu sauti ile, angesema, "Si mbaya." Kwa watu wa kwao hiyo ni sifa kubwa, na Raili alikuwa ameipata mara moja, mwaka waliofunga ndoa.

Miaka yote hiyo hawakuwahi kutoa santuri. Kila walipokaribia, mtu alihama, au mtu aliugua, au fedha ziliingia kwenye paa la nyumba. Kisha likatokea duka dogo la muziki kule Tampere likasema litawachapishia nyimbo zao za zamani, santuri ya kweli, yenye jalada. Raili hakusema mengi, ila moyoni alitaka kitu kimoja. Alitaka siku akiwa hayupo, mtu aiweke santuri ile, asogeze sikio kwenye spika ya kushoto, upande wa gitaa lake, aseme: huyo ni Raili.

Ndipo mpiga gitaa wa upande wa kulia akaacha. Masikio yake yalikuwa yanalia usiku na mchana, daktari akamwambia achague. Na Kyösti akamleta Henriikka.

Henriikka Väätäinen alikuwa hajafika thelathini, anafundisha gitaa katika chuo cha muziki, nywele zake zimenyooka kama zilizopigwa pasi. Gitaa lake lilikuwa la Kimarekani, la zamani kuliko yeye, aliloachiwa na baba yake, na ndani yake alikuwa ameweka sumaku mpya zenye nguvu, zilizozungushiwa waya katika karakana moja ya California. Alipopiga nota ya kwanza, kikombe cha kahawa cha Kyösti kilitembea juu ya amplifaya.

"Mama yangu," Kyösti alisema. "Hilo ni gitaa au trekta?"

"Ni la baba," Henriikka alisema, akaona haya.

Wakapiga wimbo mmoja mpaka mwisho, Raili kushoto, Henriikka kulia. Ulipokwisha Ilpo aliweka vijiti juu ya ngoma. Kisha akasema, akimtazama Henriikka:

"Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naisikia kichwani miaka yote."

Raili alikuwa anafungua kifuniko cha chupa ya maji. Aliendelea kukifungua ingawa kilikuwa kimeshafunguka.

Kama Ilpo angemwambia yule msichana kwamba ana macho mazuri, Raili angelicheka, kwa sababu Ilpo na macho ya wanawake ni vitu visivyojuana. Kama angemnunulia maua, angelijua la kufanya. Lakini mtu anaishi na wewe, unampikia, unasimama upande wake wa kushoto ujana wako mzima, kumbe kichwani anasikia kitu kingine. Na kitu chenyewe anacho binti aliyeingia mlangoni leo, ambaye hata koti bado hajalitundika.

Nyumbani alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Sumaku zake zina nguvu, eh?"

"Zina nguvu," Ilpo alisema.

"Zangu hazina."

"Zako ni zako," alisema Ilpo, akageuza ukurasa wa gazeti. Raili akalipokea neno lile kama kofi.

Wiki hiyo unga wote alioukanda ulitoka mgumu. Kwenye mazoezi alimtazama Henriikka mikono, akimtafutia kosa, na makosa hayakuwepo. Alimtafutia kiburi, hicho nacho hakikuwepo. Msichana alikuja na mkate mtamu wa iliki aliouoka mwenyewe. Ilpo alikula vipande viwili, na Raili, mwoka mikate wa Kuopio, akavihesabu.

Siku ya mapumziko yake alibeba gitaa lake kwa Pentti, fundi aliyekuwa na chumba kidogo karibu na bandari ya ziwani, kinachonuka risasi ya kulehemu na kahawa iliyoungua.

"Nataka sumaku kama za yule msichana wetu," alisema. "Zilezile."

Pentti aliligeuza gitaa, akagongagonga juu ya sumaku kwa kucha. "Hizi ni nyembamba, Raili. Hizo unazozitaka ni pana. Itabidi nichonge mbao, nipanue tundu."

"Panua."

"Gitaa la namna hii watu wanalitafuta likiwa zima. Nikishachonga limechongwa. Sina dawa ya kuotesha mbao."

"Nimekuja kwa fundi au kwa mchungaji?"

Pentti alicheka, lakini hakushika chombo. "Wewe una sauti ambayo mtu akiisikia nje ya mlango anajua ni wewe. Unataka kufanana na nani, na kwa nini?"

"Wewe una mke, Pentti?"

"Aliondoka."

"Ndiyo maana unauliza. Chonga."

Akachonga. Raili alisimama pale akitazama vumbi la mbao nyekundu likirundikana juu ya gazeti, na akajisikia vizuri kwa ubaya, kama mtu anayebandua kidonda. Pentti aliuliza zile sumaku za zamani azifunge kwenye nini.

"Sizitaki. Uza. Tupa. Wape paka wachezee."

Na kweli, nyumbani, peke yake, gitaa lilinguruma kama la Henriikka. Raili alipiga akiwa amesimama jikoni, madirisha yakitetemeka, akajiona mwanamke aliyemshinda mwenzake. Alingoja siku ya mazoezi kama mtoto anavyongoja Krismasi. Hakumwambia Ilpo. Alitaka ageuke mwenyewe.

Wakaanza wimbo wa kwanza. Kufika katikati, Kyösti aliinua mkono wakasimama.

"Shemeji, umewasha?"

"Nimewasha."

"Sikusikii."

Raili akaongeza sauti. Wakaanza tena. Henriikka, akiona mwenzake amepanda, naye akapanda kidogo, na handaki likajaa uji mzito usio na mwanzo wala mwisho. Kyösti akasimamisha tena, akatoa simu, akarekodi kipande, akawasikilizisha. Kulikuwa na gitaa moja tu. Gitaa moja kubwa, nene, lisilo na kingo.

Hiyo ni hesabu ambayo kila mpiga metali anaijua, na Raili alikuwa akiijua kabla Henriikka hajazaliwa. Magitaa mawili hupendeza pale yanapotofautiana, hili likiwa nene na lile kavu, ili sikio lipate njia katikati. Yakifanana, moja humeza jingine, na anayemezwa ni yule ambaye msikilizaji hakumtarajia. Alikuwa akiijua, ila wivu ulikuwa umeikalia.

"Umebadilisha sumaku," Henriikka alisema taratibu. Alikuwa ameinama, anatazama tundu jipya kwenye mbao.

"Nimebadilisha. Ni gitaa lako?"

"Hapana, dada Raili."

"Hongera," Kyösti alisema. "Tulikuwa na magitaa mawili, sasa tuna moja, na wanawake wawili wa kulibeba."

Ilpo hakucheka. Aliuliza tu, "Sasa nani atarudi nyuma? Studio ni mwezi ujao."

Raili alikaza midomo. Kurudi nyuma kwenye sumaku nyembamba kungekuwa kusema mbele yao wote kwamba alimwiga msichana. Henriikka akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nitabadilisha mimi. Nitamwuliza Pentti kama ana kitu chembamba." Alilisema kwa adabu nzuri kabisa, na Raili akamchukia kwa adabu ile.

Mazoezi yaliyofuata Raili alichelewa kwa sababu ya tanuri lililoharibika. Alipofungua ule mlango wa chuma walikuwa wameshaanza. Aliingia kimyakimya, akavaa mkanda wa gitaa, akasimama upande wake, mkono juu ya nyuzi ili zisilie, akingoja mahali pa kuingilia.

Ndipo akaisikia. Kavu, yenye mchanga. Mnyororo juu ya barafu. Alitazama amplifaya yake akidhani inacheza yenyewe. Kisha akageuka kulia, akaona gitaa la baba yake Henriikka, na katika mashimo yake mapana fremu ndogo za plastiki nyeusi, na ndani ya fremu zile sumaku mbili nyembamba zenye mikwaruzo ambayo angeitambua gizani.

Ilpo alikuwa ameinamia ngoma, macho amefumba. Akapiga mpaka mwisho wa kipande, akafumbua macho, akamtazama mkewe, uso wake umelainika kama ambavyo haukuwahi kulainika mbele za watu.

"Hapo sasa, Raili," alisema. "Umerudi."

Mkono wa Raili ulikuwa bado umezilaza nyuzi. Hakuwa amepiga hata nota moja.

Kyösti alijifanya anakaza nati ya besi. Henriikka akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema, "Ni mimi niliyekuwa napiga," na Ilpo akatazama huyu, akatazama yule, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kwenye gari Ilpo ndiye aliyeanza, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

"Nilidhani ni wewe."

"Nimejua umedhani."

"Sasa kosa langu ni lipi? Nimekujua kwa sauti."

"Umemjua yeye."

Walipita daraja, ziwa likiwaka jua la jioni pande zote mbili. Raili akasema, akitazama dirishani, "Ulisema yake ndiyo unayoisikia kichwani."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Mbele ya watu."

Ilpo alifikiri mpaka wakafika taa nyekundu. "Nilisema zile mbili. Yako na yake, pamoja. Yule wa kulia wa zamani hakuwahi kukaa vizuri na wewe, huyu alikaa." Taa ikawa kijani. "Ungeniuliza."

"Ungesema."

"Nilisema."

Raili angeweza kumpiga kwa lile begi la gitaa kama lingepita kati ya viti. Mtu anafungua mdomo mara moja katika maisha ya ndoa, na hata hiyo mara moja anatazama upande mwingine.

Studio ilikuwa ghala la mbao kwenye nyumba ya mapumziko ya Kyösti, kando ya ziwa, mbu wengi na umeme wa wasiwasi. Walifika siku moja kabla ili kupanga vyombo, na jioni, jua la kiangazi lisilojua kuchwa likiwa bado juu, Kyösti akawasha sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Wanawake huanza, wanaume hufuata, kwa hiyo Raili akajikuta amekaa uchi kwenye benchi la mbao na mtu ambaye kwa hiari yake asingekaa naye hata kituo cha basi.

Henriikka aliyamwagia maji mawe ya moto. Mvuke ukapanda, wakainama wote wawili.

"Dada Raili. Pentti ameniambia juzi tu zilikotoka. Mimi nilimwomba kitu chembamba, akanitolea hizo. Ningejua nisingezigusa."

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Basi ni zako."

"Nataka kukupa. Pentti anaweza kukutengenezea fremu kama zangu, zikae vizuri. Bure, sitaki kitu."

"Bure," Raili alisema, kana kwamba neno lenyewe lina uchafu. "Nimekuomba?"

"Hujaniomba."

"Basi mwaga maji."

Henriikka akamwaga. Baadaye akachukua tawi la majani mabichi, lile la kuamshia damu, akauliza kama ampige mgongo. Katika sauna mtu akikuuliza hivyo huwezi kukataa bila kutangaza vita, kwa hiyo Raili alimgeuzia mgongo. Msichana alipiga vizuri, si kwa nguvu wala kwa woga. Hata hapo hakukuwa na la kulalamikia. Raili alikaa akiwaza kwamba akizichukua sumaku zile, kila mara atakapopiga atakuwa anapiga zawadi, na msichana huyu atasimama kulia kwake akiwa mwema. Chuki angeweza kuimudu. Wema wa mtu aliyekuzidi hauna pa kuushikia.

Asubuhi wakaanza kurekodi. Katika santuri kila gitaa hurekodiwa peke yake, la kushoto kwanza, la kulia baadaye. Raili alipiga wimbo wa kwanza kwa sumaku zake mpya. Kyösti alikuwa na vifaa vya kusikilizia kichwani. Alivivua.

"Shemeji, hii siyo. Kushoto namtaka Raili tunayemjua sisi. Hili zito liende kulia."

"Raili unayemjua wewe yumo kwenye gitaa la mwenzangu."

"Basi pigia la mwenzio. Hii ni santuri, si harusi. Hakuna atakayeuliza umevaa cha nani."

Henriikka alikuwa ameshalitoa gitaa la baba yake kwenye sanduku, amelishika kwa mikono miwili, hajasogea. Hakusema kitu safari hii. Alikuwa amejifunza.

Raili alilitazama. Angeweza kukataa. Angeweza kusema piga wewe kushoto, kwa kuwa umeshachukua kila kitu, kisha atoke nje akakae na mbu, na maneno hayo alikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini akaiwazia ile spika ya kushoto, na mtu wa miaka ijayo akisogeza sikio, akisema: huyo ni Henriikka. Hilo hakuliweza. Akanyoosha mkono akalipokea, bila asante.

Lilikuwa jepesi kuliko lake, shingo yake nyembamba, ya mtu aliyelelewa vizuri. Akapiga. Sauti yake ikatoka kama mbwa anayemtambua mwenye nyumba. Alipiga nyimbo zote, mmoja baada ya mwingine, hakuomba maji, na jasho lake la jikoni, jasho la tanuri na samaki, lilitiririka juu ya nyuzi za baba yake Henriikka. Ilpo, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango, alisikiliza yote. Mwishoni akasema:

"Si mbaya."

Raili alimsikia. Lakini Ilpo alikuwa amelitazama gitaa, na hakujua sifa ile ni ya nani.

Wapiga gitaa wana desturi moja. Ukiazima gitaa la mtu, ukimaliza unazipangusa nyuzi kwa kitambaa kabla ya kulirudisha, kwa sababu jasho hula chuma, na kulirudisha bila kupangusa ni kumwambia mwenyewe kwamba humhesabu. Raili alikijua kitambaa kilipokuwa, kimelazwa wazi juu ya sanduku. Akamrudishia Henriikka gitaa likiwa limelowa hivyo hivyo, alama za vidole zimejaa kila mahali.

Henriikka aliona. Akalipokea, akaliegemeza ukutani, akachukua gitaa la Kijapani lenye tundu lililochongwa, kwa kuwa kulia sasa palitaka sauti nzito. Akapiga mpaka jua likahamia upande wa pili wa ziwa. Kyösti akasema imekamilika, wameipata, na akaenda kutafuta bia.

Kisha Henriikka akachukua kitambaa. Akazipangusa nyuzi za gitaa la Raili mmoja mmoja, akapita chini yake, akapita nyuma ya shingo, hata ukingo wa lile tundu la Pentti ambako vumbi la mbao lilikuwa bado limejificha. Akalileta kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuniazima, dada."

Raili alilipokea, akatoka nalo nje penye mwanga. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akitafuta alama ya kidole, hata moja tu, apate neno la kusema. Hakuiona.